Alfriston, Epworth au Haworth: ukiwa na siku moja tu, nyumba ipi ya kasisi wa kijijini Uingereza uende kuiona?

Kama una Jumamosi moja na nauli ya safari moja tu, jibu langu la haraka ni Alfriston. Ila hilo ni jibu la fundi, manake mimi ni seremala wa mapaa, nyumba yoyote naanza kuitazama kenchi ndo nashuka kwenye kuta, fanicha naziona mwisho kabisa. Shangazi yangu, Mmethodisti wa kuzaliwa, alipokuja kututembelea kutoka Mombasa aliniambia, "Mwanangu, mimi nipeleke Epworth, hizo nyingine utaenda na mkeo." Binti yangu anayesoma fasihi shuleni yeye ni Haworth tu, ukimtajia nyingine anakusikiliza kwa heshima halafu anarudi palepale. Zote tatu nimeshaingia, na watu wananiuliza sana ipi ni ipi kwa sababu kwenye picha zote zimeandikwa nyumba ya kasisi na mtu anadhani ukiona moja umeona zote. Hapana. Moja ni mti na udongo, moja ni tofali, moja ni jiwe, na kati ya ya kwanza na ya mwisho imepita karibu miaka 400.

Kuna jambo moja ukilijua kabla ya kwenda, zote tatu unazielewa vizuri zaidi. Nyumba ya kasisi wa parokia ilikuja na kazi. Nimekulia Muheza, Tanga, kule nyumba ya padri tulikuwa tunaiita nyumba ya misheni, padri akihamishwa anabeba masanduku yake na vitabu, nyumba inamsubiri mwingine. Uingereza ilikuwa hivyohivyo tangu zamani, tena kwa ukali zaidi, manake kasisi akiondoka au akifa na nyumba imechakaa, yeye au mjane wake anadaiwa gharama za matengenezo. Halafu ukubwa wa nyumba ulitegemea zaka. Aliyeitwa rekta alichukua zaka yote ya parokia, nafaka ikiwemo, na aliyeitwa vika alipata ile zaka ndogo tu, kubwa ilikwenda kwa monasteri au baadaye kwa tajiri fulani, ndo maana mara nyingi ukisikia nyumba inaitwa rektori tegemea jumba, ukisikia vikareji tegemea kitu cha kawaida. Mwaka 1704 ukaanzishwa mfuko wa kuwainua makasisi maskini, Queen Anne's Bounty, na mwaka 1776 ikapita sheria inayojulikana kama Gilbert's Act iliyomruhusu kasisi kukopa kwa kuweka rehani mapato ya parokia yake ili ajenge au akarabati. Kwahiyo zile nyumba nzuri za tofali na madirisha yaliyopangwa sawasawa unazoziona pembeni ya makanisa ya vijijini, nyingi zilijengwa kwa mkopo ambao waliofuata nao waliulipa.

Sasa tuanze na Alfriston.

Kijiji kiko East Sussex, mto Cuckmere unapita karibu, na nyumba iko jirani kabisa na kanisa la St Andrew. Ni ya karne ya 14, ya aina wanayoiita Wealden kwa sababu zimejaa eneo la Weald kule Kent na Sussex. Ukisimama mbele yake utaona kitu ambacho picha hazikielezi vizuri: sehemu ya katikati ni kama imerudi nyuma kidogo, pande mbili za ghorofa zimechomoza mbele, lakini paa ni moja tu limefunika zote. Sasa jiulize, pale katikati ambapo ukuta umerudi ndani, ukingo wa paa unashikiliwa na nini? Ndo unaona zile mbao zilizopinda, zinatoka kwenye nguzo za pembeni zinapanda kuishika boriti iliyopita hewani. Hizo mbao hawakuzipinda kwa moto wala mvuke, walikuwa wanatafuta mti uliota umepinda wenyewe msituni, wanaupasua katikati, vipande viwili vinakuwa mapacha, kimoja kushoto kimoja kulia. Nilisimama pale mbele muda mrefu mpaka mke wangu akaniuliza kama kuna tatizo.

Ndani, ukumbi wa katikati hauna dari, unatazama moja kwa moja mpaka kwenye paa. Zamani nyumba hizi hazikuwa na chimni, moto uliwashwa katikati ya sakafu ya ukumbi, moshi unapanda unajitafutia njia kwenye nyasi za paa, na madirisha hayakuwa na vioo, ni mbao za kufunga usiku na kufungua asubuhi. Mtu aliyekulia kwenye jiko la kuni lililoezekwa makuti anajua kabisa hali ilivyokuwa: juu kweusi, macho yanawasha, lakini wadudu hawasogelei mbao. Mafundi wa huku wakitaka kujua kama nyumba ilikuwa na ukumbi wa wazi wanapanda darini wanatafuta masizi kwenye mbao za paa, masizi hayadanganyi.

Kuta ni fito zimesukwa halafu zimekandikwa udongo. Nilipoliona hilo nilisikia kitu moyoni, siwezi kuficha. Udongo, majani makavu, samadi, kukanyaga kwa miguu, kukandika kwa mikono, kusiriba, hiyo ni kazi niliyoifanya na bibi yangu nikiwa na miaka kumi. Tofauti iko kwenye fremu. Sisi tulikuwa tunafunga nguzo na fito kwa kamba, hawa walitumia mwaloni mbichi, wanachonga ulimi na tundu, wanaingiza, halafu wanapigilia kigingi cha mti kupita katikati, hakuna msumari. Mwaloni ukiwa mbichi unachongeka kama sabuni, ukikauka unakuwa kama chuma na unajikunja, ndo maana nyumba hizi zinaonekana zimelewa lakini hazianguki, kila kiungo kimekaza zaidi kadiri miaka inavyokwenda. Vichwa vya vigingi utaviona vimechomoza kidogo, vipapase, vimelainika.

Na sakafu. Hii ukienda usiipite. Wamevunja chaki, ile miamba myeupe ya kusini mwa Uingereza, wakaishindilia na maziwa yaliyoganda. Ndiyo, maziwa ya mgando. Maziwa yana protini inayoshikamana na chokaa, kwahiyo inajitengeneza kama sakafu ya saruji laini. Nilichuchumaa nikaweka kiganja: baridi, laini kama mfupa, rangi ya krimu iliyoingia vumbi, na ina mabonde madogo sehemu ambazo miguu imepita sana. Sisi tunasakafia kwa samadi, Wahindi nao hivyohivyo, hawa walitumia maziwa. Kila watu walichukua kilichozalishwa na ng'ombe wao.

Kitu kingine kinachoipa Alfriston uzito ni kwamba karibu ibomolewe. Mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa imechoka vibaya, na wakuu wa mali za kanisa hawakuona sababu ya kuitunza. Kasisi wa kijiji, F. W. Beynon, akahangaika kutafuta watu wa kuiokoa. National Trust, shirika la hisani la kutunza majengo ya kale na ardhi, ilikuwa imeanzishwa 1895 na Octavia Hill, Robert Hunter na Hardwicke Rawnsley, na mwaka 1896 wakainunua kwa pauni 10. Ndo jengo la kwanza kabisa walilonunua. Pauni 10 haikuwa kitu, gharama kubwa ilikuwa kuirekebisha, na waliirekebisha kwa kufuata mawazo ya chama alichoanzisha William Morris mwaka 1877 cha kulinda majengo ya kale, kwamba usibomoe cha zamani ukaweka kipya kinachoigiza zamani, tia kiraka pale palipooza tu na kiraka kionekane ni kiraka. Mimi kama fundi naliunga mkono hilo kwa mikono miwili. Nimeona huku na nyumbani majengo ya kale yamepigwa plasta ya saruji mpaka yakaoza kwa ndani, manake ukuta wa udongo unapumua, ukiuziba kwa saruji maji hayana pa kutokea. Pale ukumbini kuna nakshi ya jani la mwaloni kwenye boriti, inasemekana nembo ya National Trust imetoka hapo.

Udhaifu wake? Ni ndogo. Ukiwa mtu wa kutembea haraka unamaliza ndani kwa dakika ishirini, na fanicha ni chache, wala huwezi kukutana na historia ya mtu mmoja unayemjua jina. Ilijengwa wakati mapadri bado hawaoi, kwahiyo usitegemee vyumba vya watoto. Ni nyumba ya kumtazama fundi zaidi kuliko mwenye nyumba.

Epworth ni kinyume chake kabisa, hapo mwenye nyumba ndo kila kitu.

Iko North Lincolnshire, eneo la Isle of Axholme, ambalo zamani lilikuwa kweli kama kisiwa, limezungukwa na vinamasi, mpaka miaka ya 1620 Mholanzi Vermuyden alipokuja kukausha na wenyeji wakagombana naye vikali. Rekta wa hapo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1690 alikuwa Samuel Wesley, baba wa John na Charles, wale ndugu walioanzisha Umethodisti. Nyumba ya kwanza waliyoishi ilikuwa ndugu wa ile ya Alfriston, mbao na plasta, imeezekwa nyasi. Usiku wa tarehe 9 Februari 1709 ikashika moto. Familia ikatoka, wakahesabu watoto, John hayupo. Alikuwa na miaka mitano, amepanda juu ya sanduku dirishani ghorofani, ngazi hakuna muda wa kutafuta, jirani mmoja akasimama mabegani mwa mwenzake wakamchomoa dirishani, na muda uleule paa likaporomoka kwa ndani. Wamethodisti wote wanaijua hii habari, kijinga, yaani kijiti kinachowaka, kilichonyakuliwa motoni. Shangazi alipofika pale kwenye ukuta wa nje alisimama akaangalia madirisha ya juu, akawa anauliza, "Ni lipi? Ni lipi hasa?" Ikabidi nimwambie, shangazi, nyumba ile iliungua yote, hii ni iliyojengwa baada ya hapo. Akanyamaza kidogo, akasema basi hata hii imejengwa na mtu aliyeona moto.

Na ndivyo ilivyo, ukiiangalia kwa macho ya fundi utaona kabisa imejengwa na mtu aliyeona moto. Tofali. Tofali nyekundu tangu msingi mpaka juu, machimni makubwa, paa la vigae, nyasi hakuna tena. Ilisimama ndani ya mwaka mmoja hivi kwa gharama ya takriban pauni 400, pesa nyingi sana kwa mtu ambaye mwaka 1705 alishafungwa Lincoln Castle kwa sababu ya deni. Na hapa ndo ile habari ya nyumba ya kazi inauma: Samuel alijenga nyumba ya kanisa kwa jasho lake, haikuwa yake, na zaidi ya miaka kumi baadaye ndani bado fanicha hazijatosha. Mtindo ni ule wanaouita Queen Anne, mstari mmoja wa madirisha marefu chini, mwingine juu, mlango katikati, kila kitu kimepangwa kwa ulinganifu. Mtu aliyezoea Alfriston akifika hapa anajisikia kama ametoka kwenye nyumba ya shamba akaingia ofisi ya mkuu wa wilaya ya zamani.

Ndani, chumba ninachokipenda ni jiko. Susanna Wesley alizaa watoto 19, waliokua ni 10, na aliwafundisha mwenyewe, kila mtoto akiwa na jioni yake ya kuongea na mama peke yake, ya John ilikuwa Alhamisi. Mumewe alipokwenda London kwa muda mrefu, mama akawa anasoma mahubiri Jumapili jioni kwa familia na wafanyakazi, majirani wakasikia, wakaanza kuja, mpaka mapema 1712 aliandika kwamba wamepita 200 na wengine wanakosa pa kusimama. Wewe ukisimama mle ndani jaribu kuwaza watu 200. Hawaenei. Watakuwa walijaa kwenye korido, kwenye ngazi, nje madirishani. Shangazi aliketi kwenye benchi akasema, "Hivi ndivyo Ribe ilivyoanza, nyumbani." Wamisionari wa Kimethodisti walifika Ribe, nyuma ya Mombasa, mwaka 1862, na babu zake ni watu wa huko, kwahiyo kwake haya mambo ni ya ukoo.

Panda mpaka juu kabisa kwenye dari. Huko ndiko wanakosema kulikuwa na sauti za ajabu kuanzia Desemba 1716 mpaka Januari 1717, kugongagonga na milio, watoto wakampa huyo mgongaji jina la Old Jeffrey. Mimi niliangalia mbao. Dari kubwa, mbao nene zimeachwa wazi, unaona jinsi paa lote limebebwa. Upepo wa Lincolnshire ukivuma kwenye mbao za namna ile usiku wa Desemba, zinaongea. Sisemi haikuwa kitu kingine, shangazi anaamini na mimi namheshimu.

Epworth sasa iko chini ya Baraza la Wamethodisti Duniani, imekuwa makumbusho tangu miaka ya 1950. Upungufu wake kwa mtu wa majengo ni kwamba nyumba za tofali za namna hii ziko nyingi Uingereza, ukiondoa Wesley ubora wake ni wa kawaida. Lakini huwezi kumwondoa Wesley.

Haworth nayo ina mashabiki wengi kuliko zote mbili, na ndo sababu mimi huwa naipeleka mwisho, foleni ni kubwa na vyumba unavitazama kutoka mlangoni.

Ipo West Yorkshire, juu kwenye kilima kinachopakana na nyika ya moor. Nyumba ilijengwa 1778 na 1779, na Patrick Brontë, baba wa waandishi wa riwaya Charlotte, Emily na Anne, akaingia na familia yake Aprili 1820. Jiwe lote, ile millstone grit ya huko, ngumu na yenye chembechembe kubwa, imeingia weusi. Paa ni vipande bapa vya mawe. Sasa hapa wale wanaojenga mtanielewa: paa la nyasi linataka mteremko mkali, nyuzi 50 hivi, maji yakimbie kabla hayajazama, ndo maana la Alfriston limesimama kama kofia. Paa la mawe ni zito mno, mteremko ukiwa mkali mawe yanavuta kushuka, kwahiyo wanalilaza zaidi na mbao za chini wanaziweka nene. Ukishalijua hilo, ukiwa kwenye basi unapita vijijini unaweza kukisia paa lilianza na nini hata kama leo wameweka vigae, kwa kuangalia mteremko tu.

Mbele kuna mlango katikati, madirisha mawili kila upande chini, matano juu. Ila mkono wa kulia utaona kibawa chenye paa la pembe tatu kinachoharibu mpangilio wote, hicho aliongeza kasisi aliyemfuata Brontë, John Wade, miaka ya 1870. Mimi huwa naziba kile kibawa kwa kiganja nikiwa nimesimama bustanini, nyumba ya akina Brontë inabaki peke yake, ndogo, imenyooka, kama mtoto aliyechora nyumba kwa rula. Familia ya watoto sita walifika wakaishi humo. Ukiingia, chumba cha baba kulia, chumba cha kulia chakula kushoto, na meza ambayo mabinti waliandikia, usiku wakiizunguka huku wanasomeana. Juu ya korido kuna kachumba kembamba walichokuwa wanachezea utotoni, upana wake nikinyoosha mikono naweza kukaribia kuta zote mbili. Saa iko kwenye ngazi, Patrick aliijaza kila siku saa tatu usiku akienda kulala.

Sakafu na ngazi ni mawe. Patrick alikuwa anaogopa moto sana, inasimuliwa kwamba kwa muda mrefu hakutaka mapazia, manake alishazika watoto wengi wa parokia walioungua nguo zao jikoni. Kwahiyo Epworth moto ulibadilisha nyumba, Haworth hofu ya moto ndo ilikaa ndani ya nyumba. Kilichowaua watu wa Haworth kilikuwa maji. Makaburi yapo mbele kabisa ya nyumba, na yamejaa, miti unayoiona leo ilipandwa baadaye. Patrick mwenyewe ndiye aliyesukuma serikali ilete mkaguzi, akaja Benjamin Herschel Babbage, ripoti yake ya 1850 ikaonyesha wastani wa umri wa kufa kijijini ni miaka 25.8 na zaidi ya asilimia 40 ya watoto walikufa kabla ya kufika miaka sita. Vyoo vichache, visima vichafu. Hizo namba binti yangu aliziandika kwenye daftari lake, na aliporudi nyumbani ndo kitu cha kwanza alichomweleza mama yake, sio habari za vitabu.

Charlotte alipanua chumba cha kulia mwaka 1850 kwa kusogeza ukuta, na 1854 kabla ya harusi akageuza stoo ya nyuma kuwa chumba cha kazi cha mchumba wake, msaidizi wa baba yake. Mwaka uliofuata akafa. Baba akaishi mpaka 1861, amezika mke na watoto wote sita. Na alipokufa tu, kumbuka nyumba inaenda na kazi, vyombo vikapigwa mnada, mkwe akafunga mizigo akarudi kwao Ireland. Ndo maana vitu vilivyomo sasa ilibidi virudishwe kimoja kimoja, na makumbusho yalifunguliwa 1928 baada ya Sir James Roberts kuinunua nyumba na kuikabidhi kwa Brontë Society.

Basi uchaguzi unakuaje. Ukiwa fundi, mwanafunzi wa usanifu, mkandarasi, au unataka tu kumwonyesha mwanao aliyezaliwa huku kwamba nyumba ya udongo ya bibi yake ina ndugu Ulaya, nenda Alfriston, usifikirie mara mbili. Ukiwa na wazee wa kanisa, Epworth, na mpange siku nzima, manake watataka kwenda na kanisani kwenye kaburi la Samuel, pale juu yake ndipo John alisimama akahubiri 1742 alipokataliwa mimbari. Ukiwa na kijana anayesoma, Haworth. Ukiwa na mtu mwenye magoti mabovu, Haworth iache, ile barabara ya mawe ya kupanda kijijini inatesa, na ngazi ndani ni nyembamba. Epworth chini pana nafasi ya kutosha, ni kule darini tu ndo shida, shangazi alibaki chini akanywa chai na wenyeji.

Kufika: Alfriston unapanda treni mpaka Lewes halafu Berwick, ile ya Sussex, angalia usikate tiketi ya Berwick-upon-Tweed ambayo iko mpakani na Scotland, halafu unatafuta basi au unatembea karibu saa nzima. Haworth unashuka Keighley, na kutoka hapo kuna reli ya zamani ya treni za mvuke inayopanda mpaka kijijini, watoto wanaipenda kuliko nyumba yenyewe. Epworth haina treni, unashuka Doncaster unatafuta basi, na mabasi ni machache, mimi niliachwa na la mwisho nikalazimika kulipa teksi iliyonila sana, kwahiyo ukiwa na gari tumia M180 utoke makutano namba 2. Zote tatu zina misimu ya kufunga, Alfriston hasa, angalia tovuti zao wiki hiyohiyo unayotaka kwenda.

Wengine wataniuliza kuhusu Muchelney kule Somerset, nyumba ya padri ya 1308, National Trust wanayo tangu 1911. Ina dirisha la ukumbi la mtindo wa Gothic zuri mno, lakini kijiji kiko mbali na huwa wanafungua kwa nadra, kwahiyo isiwe ya kwanza.

Ukienda Alfriston nenda vuli, Septemba hivi, bustani ina miti ya tofaa na mwanga wa jioni unaingia kwa pembeni kwenye zile mbao zilizopinda, kila alama ya shoka inaonekana. Inama kwenye milango. Na kabla hujatoka, muulize anayejitolea pale ukumbini kuhusu ile sakafu, wana furaha sana mtu akiuliza, mimi aliniuliza na kwetu tunatumia nini, nikamwambia samadi ya ng'ombe na majivu, akatoa kalamu akaandika.